Tairi Lenye Mguu Wangu

Nimenunua matairi kwa macho. Naanza na hilo ili msije mkaambiwa na wengine, maana hapa Kanga habari ya upumbavu wa mtu haihitaji gari, inatembea yenyewe. Trekta dogo la kikundi chetu lilikuwa limekula matairi yake ya nyuma mpaka nyuzi zinachungulia, na wenzangu wakanituma nichague mengine. Walinituma mimi kwa sababu nimesoma mpaka kidato cha nne, na kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ambaye ukimfuata nyumbani utamkuta. Safari yangu ndefu ni ya kutoka barazani kwenda jikoni. Basi nikaketi na simu, nikapekua picha, nikayaona matairi yenye meno marefu, meusi, yanang'aa, meno yenyewe yamepinda kama yana hamu ya kuuma kitu. Nikasema haya ndiyo yenye heshima. Yalipofungwa, trekta likaondoka kwangu kwa mbwembwe, likafika hapo mbele ya nyumba penye mchanga, likaanza kuchimba. Lilichimba kwa bidii kama limeahidiwa kisima. Watoto wa jirani walileta mkeka wakae waangalie vizuri.

Mama yangu, ambaye siku hizi hatoki nje ila kwa fimbo na kwa jambo la maana, alitoka. Akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "umelinunulia trekta jembe."

Matairi yale nimeshabadilishana na mtu wa bondeni mwenye mpunga. Yeye yanamfaa, matope yanataka meno, na anashukuru mpaka leo, kwa hiyo pole zenu bakini nazo. Lakini harufu yake imeganda ukumbini kwetu mpaka sasa. Ni harufu ya mpira mpya, kali na tamu pamoja, kama kandambili za sikukuu zinapotolewa kwenye mfuko. Kila nikipita pale nakuwa mdogo tena, nina miguu ambayo kijiji kizima kinaijua, na namkumbuka mama alivyochagua matairi ya trekta la kwanza. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kukosea jambo hili. Nililelewa ndani yake.

Nyinyi wa rika langu mnajua tulivyokuwa tunaitana. Hakuna mtoto aliyekuwa na jina lake. Mwenye kichwa kikubwa alikuwa Fenesi, mwenye makamasi alikuwa Bomba, na mimi nilikuwa Bata. Nyayo zangu hazina kiuno. Mtu wa kawaida akikanyaga mchanga anaacha kisigino huku na vidole kule, katikati pamebaki njia ya siafu kupita. Mimi nilikuwa naacha kitu kama kitumbua kilichofurika nje ya kikaango. Kaka yangu Salumu, ambaye mguu wake ulikuwa mwembamba na mrefu kama mtumbwi, alikuwa akinifuata nyuma akiwaita wageni waje kutazama alama zangu.

"Njooni muone, bata amepita hapa! Tena bata mzito!"

Nililia sana kwa ajili ya miguu hii. Nilikuwa nikifika kwa watu nakaa upesi naifukia chini ya gauni.

Sasa, kati ya mashamba ya minazi ya upande wa pwani na barabara kuu palikuwa na kipande kirefu cha mchanga kilichoitwa Unga. Jina lilikuwa lake haswa: mchanga mweupe, laini, mkavu, ukiushika unakutoka vidoleni kama umepitishwa kwenye chekecheo. Baiskeli ikiingia Unga, mwenye baiskeli hushuka akaibeba, yaani pale ndipo mahali baiskeli inapompanda mtu. Akina mama walivusha nazi kwa vichwa, kikapu kwa kikapu, shingo zimekakamaa, jasho linawaingia machoni wala hawana mkono wa kulifutia. Nazi ambazo hazikuvushwa zilibaki huko ng'ambo zikaota. Sisi watoto tulidhani kuota kwa nazi ni neema ya Mungu. Nazi ikiota, ndani yake hujaa joya, lile donge laini jeupe, tamu, la maji maji, na tulilila mpaka matumbo yakalia. Sikujua kwamba kila joya nililomeza lilikuwa nazi ambayo mama yangu hakuiuza.

Ndipo kikundi cha akina mama kikanunua trekta. Hoteli moja ya huko Ghuba ya Chole ilikuwa ikiliuza, trekta dogo, la buluu iliyopauka, walilotumia kukatia majani na kuvuta maboti yao. Injini ilikuwa nzima, tela lilikuwa zima. Matairi ya nyuma ndiyo yalikuwa yameliwa na chumvi na jua, yamepasuka pasuka kama visigino vya mkulima. Na fedha iliyobaki kwenye kikundi ilitosha jozi moja tu. Ukichagua vibaya, basi, hakuna kurudia.

Mkutano ulifanyika barazani kwetu, kwa kuwa mama, Bi Zaina, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Dereva, Kombo, alikuwa amewahi kuendesha lori huko bara, na hakuna siku iliyopita bila sisi kukumbushwa.

"Mimi nimeendesha magari makubwa," akasema, kama kawaida. "Nawaambia, tairi la trekta ni meno. Meno marefu! Trekta lisilo na meno ni kibogoyo. Kibogoyo atatafuna nini?"

"Atakunywa uji," akasema mwanamke mmoja, na baraza likacheka.

Mzee Hatibu hakucheka. Huyu alikuwa jirani yetu wa ubavuni, ua wake na wetu ni makuti yaleyale, na shamba lake la ng'ambo ya Unga ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Hakuwa mwanachama, kikundi kilikuwa cha wanawake, lakini ukuta wa makuti haumzuii mtu kusikia wala kujibu. Na Mzee Hatibu hakuwahi maishani mwake kutia sukari kwenye neno.

"Liuzeni," akasema kutoka upande wake. "Chombo hakiendi, chombo hakiliwi, mnakaa nacho cha nini? Kuna mtu Kilindoni analitaka. Mpeni, mgawane, kila mtu arudi kwenye kikapu chake."

Wanawake wakatazamana. Nilikuwa mlangoni, na nikaona kwamba wengine walikuwa wanakubali. Mtu aliyechoka hukubali upesi.

Mama akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Nipeni nafasi nichague mimi matairi," akasema. "Likikwama Unga, nitalipeleka mwenyewe kwa huyo mtu wa Kilindoni, na uenyekiti nitauacha huko huko."

Baba, aliyekuwa mkwezi wa minazi na kwa hiyo mambo ya chini hayakumhusu sana, alikohoa mara moja tu. Mkutano ukaishia hapo.

Baada ya hapo mama akawa mtu wa kutazama chini. Akipita njiani anatazama alama za ng'ombe, za punda, za baiskeli. Tulidhani amedondosha pete. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka shambani, Salumu na mimi, kila mmoja na nazi zake kichwani, mama nyuma yetu na kikapu. Tukaingia Unga. Salumu, kwa ile miguu yake mizuri, alikuwa anatitia mpaka kwenye vifundo, anachomoa mguu, anatitia tena, anatukana chini chini. Mimi nilikuwa nimeshampita. Sikujua kama ni ajabu. Nilikuwa nawahi nyumbani tu.

"Wewe Bata!" mama akaita. Hata yeye. "Simama hapo. Rudi."

Nikarudi.

"Pita tena. Polepole."

Nikapita tena. Mama akatua kikapu, akainama, akatia kiganja ndani ya alama yangu. Kilienea chote, na chini hakikuzama hata nusu ya kidole. Akaenda kwenye alama ya Salumu, akatia kidole, kikapotea. Akarudi kwangu. Alipoinuka alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona ukielekezwa kwangu, uso wa mtu aliyeokota kitu cha thamani.

Jioni ile aliwaambia wenzake, mbele yangu, neno kwa neno: "Nimepata. Tairi letu liwe kama mguu wa mtoto huyu."

Jamani. Mtu mzima akisikia hivyo anaelewa kwamba tairi liwe pana, lisilochimba, lilale juu ya mchanga. Mimi nilielewa kwamba kuna mahali, Dar es Salaam labda, ambapo fundi atapewa mguu wangu kama kipimo, atengeneze tairi. Nilielewa kwamba nimechaguliwa. Niliupanda mkeka usiku ule kama bibi harusi.

Mama aliposema anakwenda Kilindoni na mimi niende, sikushangaa. Ningebakije? Nilisugua miguu kwa jiwe na makumbi, nikaipaka mafuta ya nazi mpaka ikang'aa kama samaki. Salumu akauliza naposwa na nani. Sikumjibu. Watu wenye shughuli hawajibu.

Duka la vipuri lilikuwa la Mangi. Jina lake halisi sikulijua, alitoka Moshi, na hapa kwetu mwenye duka kutoka Moshi ni Mangi, imekwisha. Alikuwa mtu mnene mcheshi, ukutani kwake amebandika picha za matairi kama watu wengine wanavyobandika picha za wachezaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka tairi la trekta dogo."

"La kulimia au la kubebea?"

"La kupitia mchanga, na tela limejaa nazi."

Mangi akaanza kuonyesha picha na kueleza. Haya ya meno marefu ni ya matope, ya mpunga. Haya yasiyo na meno kabisa ni ya majani ya bustani, mvua ikinyesha yanaserereka. Haya hapa ni mapana, meno mafupi... Mimi sikusikiliza. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilipoona haifiki, nikapanda kwenye kasha la soda, nikauweka mguu wangu wa kulia juu ya meza yake, katikati ya mafuta ya breki na bolti.

Mangi akautazama mguu, akamtazama mama.

"Na huyu?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika. "Huyo," akasema alipopata pumzi, "ndiye kipimo."

Mungu ambariki Mangi popote alipo. Hakucheka. Alitoa futi ya chuma mfukoni, akapima urefu, akapima upana, akatikisa kichwa kwa heshima. "Mguu wa kazi huu," akasema. Kisha akamwambia mama maneno ambayo mimi nilidhani yananihusu: "Ila msilijaze sana, mama. Mchanga unataka tairi lenye tumbo. Upepo kidogo tu, liketi." Na akakandamiza kiganja chake juu ya meza, polepole, mpaka kikatandazika.

Tukaagiza yale mapana. Boti ingeyaleta.

Mnajua nilifanya nini katika kungoja? Niliilinda miguu. Nilikuwa nimekwisha kupimwa, na mimi nilikuwa mtoto, na watoto wanakua. Je, ikikua kabla matairi hayajafika? Hayatalingana! Kikundi kitakosa, trekta litauzwa, na lawama itakuwa ya vidole vyangu. Basi nikawa nalala nimeifunga kwa kitambaa. Nikaacha kukimbia, kwa kuwa niliwahi kusikia kukimbia kunakuza. Nikaacha kucheza kombolela, nikaacha kwenda pwani, nikawa nakaa barazani tu, miguu imenyooshwa kama ya mgonjwa. Wenzangu walirudi kwenye michezo, na mimi, nadhani, sikurudi tena vizuri. Watu wakiniuliza kwa nini sitoki nyumbani nawaambia nilianza kwa sababu ya kazi.

Matairi yakaja. Yalishushwa uani kwetu, yananukia, na mimi nikachechemea mbio kwenda kuona mguu wangu. Nikakuta duara. Jeusi, kubwa, gumu, halina dole gumba wala kisigino. Nilizunguka upande wa pili, labda mguu uko kule. Hakuna. Nikaanza kulia, na mama hakuwa na nafasi ya kuniuliza kilio ni cha nini, kwa kuwa Kombo alikuwa ameshayafunga na anayajaza upepo, pampu inapanda na kushuka, watu wanamhesabia.

Na hapa niseme jambo la watu wetu. Sisi hatupendi kitu kilicholegea. Tanga lililolegea ni aibu ya nahodha, kamba iliyolegea ni aibu ya mfungaji, na kitanda cha kamba kikilegea mgeni atakwenda kusimulia. Kila kitu chetu sharti kivutwe mpaka kilie. Mama alisema, "Kombo, yule Mangi wa dukani alisema upepo kidogo," lakini Kombo alicheka, na wanaume wote waliokuwepo wakacheka naye, na hata akina mama wengine. Trekta lipelekwe Unga na matairi yaliyolegea, watu waone? Alijaza mpaka ukigonga unasikia ngoma. Mama akamwachia. Labda naye aliona haya.

Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kando ya Unga. Alfajiri, umande ukiwa bado umeushika mchanga, trekta lilikuwa limevuka tupu; sasa tela limejazwa nazi za ng'ambo, mpaka juu. Mzee Hatibu alikuja na kigoda chake, akakaa, mikono juu ya magoti. Kombo akakanyaga mafuta, trekta likaingia kwa kelele, moshi mweusi juu. Likaenda. Likaenda tena. Lilipofika katikati, matairi yale magumu yakaanza kukata mchanga kama kisu kinavyokata boga, na trekta likakaa chini polepole, kama mtu mzima anayetafuta mkeka. Kombo akazidi kukanyaga. Trekta likazidi kukaa.

Kikapasuka kicheko. Kicheko kile nimekisikia maisha yangu yote, kilikuwa ndicho kile kilichonifuata mimi kila nilipokanyaga mchanga. Ila mara hii kilikuwa kinamcheka mama yangu. Mwanamke mmoja wa kikundi akaanza kulia waziwazi. Mwingine akachukua kikapu chake, akakipangusa, akajitwika kichwani kikiwa kitupu.

Mama akaingia Unga peke yake.

"Shuka," akamwambia Kombo.

"Bi Zaina, tuweke makuti chini, tusukume..."

"Shuka, baba."

Kombo akashuka. Mama akapiga magoti kwenye tairi, akachomoa pini ya ushungi wake, akaibana kwenye ule mdomo wa upepo. Tairi likapiga mluzi. Upepo uliotoka ulinuka, mchachu wa mpira, nikausikia kutoka nilipokuwa. Mimi nilipiga kelele. Nilidhani amelichoka, analiua. Nilikimbia mpaka pale, nimesahau kwamba kukimbia kunakuza miguu, nikamshika kanga: "Mama usiliue! Mama!"

"Tazama," akasema. Hakuacha kubana.

Nikatazama. Tairi lilikuwa linajikunjua. Pale linapogusa mchanga lilikuwa linatandazika, linapanuka huku na huku, linavimba ubavuni, linakaa. Lilipoteza ule ubishi wote. Na chini yake, jamani, chini yake pakawa na umbo ambalo nililijua kuliko mtu yeyote kijijini. Bapa. Pana. Halina kiuno.

"Huo ni mguu wangu," nikasema.

"Ni wako," akasema mama. "Sasa ondoka mbele yake, usije ukakanyagwa nao."

Akaenda kwenye la pili. Wanawake wakaingia wote na vifuu na mikono, wakafukua mchanga mbele na nyuma ya magurudumu. Mama akamwambia Kombo arudi nyuma kwanza, kidogo, kisha aje mbele bila kukanyaga kwa hasira. "Nenda kama unabeba mtoto aliyelala." Na Kombo, aliyeendesha magari makubwa, akaenda kama anabeba mtoto aliyelala. Trekta likapanda kutoka kwenye shimo. Likasimama juu ya Unga. Likatembea, matumbo ya matairi yanayumba yumba, mwendo wa bata haswa, tela linafuata na nazi zinagongana, mpaka likatoka upande wa barabara.

Vigelegele vile sitavieleza. Mimi nilibaki nyuma nikifuata alama zake. Zilikuwa pana, hazikuzama, na ndani ya kila alama niliweka mguu wangu, polepole, bila gauni la kuufichia, Salumu na wenzake wakitazama. Tangu siku ile jina la Bata nimelivaa kama kofia, na hata leo nikivua viatu mbele ya wageni navua kwa maringo kidogo.

Mama hakupiga kigelegele. Alisimama barabarani akikung'uta mchanga magotini, anarudisha pini kwenye ushungi. Mzee Hatibu akainuka, akakibeba kigoda chake, akavuka Unga mzima kwa miguu, anatitia na kuchomoa. Watu wakampisha, wakingoja aseme amekosea. Alifika, akalipiga tairi teke dogo la kulijaribu, akalitazama shimo kule nyuma, kisha akamgeukia mama yangu.

"Mimi sikusifu, Bi Zaina, usije ukavimba kama matairi ya Kombo. Nakuuliza tu: kesho unaanza na shamba la nani?"